Tulipie Harufu, Tusilipie Jina

Watu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa thamani ya harufu nzuri. Mtoto wa Unguja au wa Pemba huijua asmini kabla hajaijua alifu, na ni nadra harusi au maulidi kupita bila ya chetezo kuzungushwa. Hadithi za Mtume (S.A.W.) zinasimulia kuwa manukato yalikuwa miongoni mwa vitu alivyovipenda katika dunia hii. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba leo tumeyaacha mambo makubwa ya taifa tukajishughulisha na vichupa. Jambo ambalo nyumba nyingi, ya tajiri na ya maskini, hulitolea fedha ni jambo la uchumi, na jambo la uchumi haliwezi kuwa nje ya macho ya Serikali.

Swali lililo mbele yetu ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Ziko chupa za manukato zinazouzwa kwa zaidi ya shilingi laki saba moja. Ziko pia chupa zinazonukia karibu sawa na hizo, na bei yake ni takriban sehemu ya kumi tu. Je, mwenye kununua ile ya kwanza amenunua nini hasa? Na mwenye kununua ile ya pili, ameokoa fedha zake au amedanganywa?

Tunapenda kulitazama swali hili tukiwa tumesimama Tabora, na tunayo sababu. Njia ya misafara iliyoanzia pwani, mkabala na Unguja, ikapita Ugogo na kuingia Unyanyembe, ndiyo iliyozipandisha bara desturi zetu nyingi. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga na kutulia. Tembe la Kwihara, walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, limehifadhiwa kuwa makumbusho. Kwa njia hiyo zilishuka pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na walishuka pia, wala tusilifunike, binadamu waliofungwa minyororo. Kwa njia hiyo hiyo vilipanda vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Na pamoja na watu wa pwani vikapanda Kiswahili, kanzu, chuo cha Kurani na chetezo. Hadi leo Tabora mjini ina mtaa uitwao Ng'ambo, kama mji wa Unguja ulivyo na Ng'ambo yake, na harufu ya udi siku ya harusi si ngeni katika mitaa yote miwili.

Lakini njia ile iliacha na somo la biashara. Mali ghafi ilishuka pwani kwa bei ya chini, na bidhaa iliyokamilika ikapanda bara kwa bei ya juu. Faida ilibaki kwa yule aliyekuwa na meli, duka na jina. Msomaji na aliweke somo hilo karibu, maana tutalirudia.

Tuanze na manukato ya bei kubwa. Mwaka 1983, kwa matashi ya Sultan Qaboos, ilianzishwa Oman nyumba ya manukato iitwayo Amouage. Manukato yake ya kwanza, yaliyopewa jina la Gold, yalitungwa na bingwa wa Kifaransa, Guy Robert. Chupa ya mililita 100 ya nyumba hiyo leo hupatikana kwa zaidi ya dola 300 za Marekani, na jamaa zetu wa Maskati wanapokuja likizo hakuna zawadi inayopokewa kwa furaha kuipita hiyo. Iko vile vile nyumba ya Creed, ambayo Aventus yake, iliyotoka mwaka 2010, huuzwa kwa kiasi cha dola 400. Mwaka 2023 kampuni ya Kering ya Ufaransa iliinunua nyumba hiyo ya Creed kwa yuro bilioni 3.5. Hapana shamba la waridi wala msitu wa msandali wenye thamani ya fedha hizo. Kilichonunuliwa, kwa sehemu kubwa, ni jina.

Bei hiyo na tuipime kwa mizani ya mshahara. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa mwezi Julai 2025 kikafikia shilingi 500,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba mtumishi huyo akifunga tumbo lake na matumbo ya watoto wake kwa mwezi mzima, bado hajaipata chupa moja. Hata hivyo wapo vijana wanaoikopea, hasa wakati wa kuandaa sanduku la harusi, kwa kuwa wameambiwa kwamba bwana harusi asiyeitia chupa ya jina kubwa katika sanduku hakumheshimu mwali. Ndoa inayoanza kwa deni la manukato huishi na deni hilo muda mrefu baada ya harufu kwisha.

Pamoja na hayo, haki ni haki, hata kwa mwenye duka la fahari. Si kila senti ya bei ile ni utapeli. Udi wa asili hutoka katika mti ambao ukiwa mzima haunukii. Hunukia baada ya kupata jeraha na kushambuliwa na ukungu, ndipo mti wenyewe unapotoa utomvu mweusi wenye harufu katika moyo wa gogo. Miti hiyo ya bara la Asia imekatwa kwa kiasi ambacho biashara ya aina yake iliyo mashuhuri iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Bingwa wa kutunga manukato naye huchanganya na kumwaga, huchanganya na kumwaga, akatumia miezi na hata miaka kabla ya kuridhika. Kazi hiyo ina ujira wake. Lakini juu ya ujira huo na thamani ya vitu vilivyomo kuna kioo cha chupa, sanduku lenye mahameli, kodi ya duka katika mtaa wa kifahari, picha za matangazo, na juu ya vyote hivyo jina. Kimiminika chenyewe ni sehemu ndogo ya bei.

Sasa tuyatazame yale ya bei nafuu. Mwaka 2015 kampuni ya Armaf ya Dubai ilitoa manukato yaitwayo Club de Nuit Intense Man, na kila mjuzi wa mambo haya alitambua mara moja kuwa yamefuata nyayo za Aventus. Chupa yake ya mililita 105 haizidi dola 50 katika maduka mengi. Waliotumia yote mawili husema kwamba haya ya nafuu huanza kwa ukali wa limau unaochoma pua, ilhali yale ya ghali huanza kwa upole na utamu wa nanasi. Likisha kupita saa moja hivi, ukali hutulia, na kinachobaki mwilini ni harufu zinazokaribiana mno. Kwa kudumu, haya ya nafuu hayaonewi. Mtu anayepishana nawe katika ukumbi wa mkutano hatajua ni yapi uliyojipulizia, isipokuwa umwonyeshe chupa. Basi zile dola 350 za ziada zimelipia ile saa ya kwanza na zimelipia chupa ya kuonyesha.

Watu huuliza: inawezekanaje harufu ya siri ikajulikana? Siku hizi iko mitambo ya maabara inayotenganisha kimiminika na kutaja sehemu nyingi zilizomo na kiasi cha kila moja. Sheria nayo haikukaza sana. Mwaka 2006 mahakama ya juu ya Ufaransa, nchi ambayo ndiyo makao makuu ya sanaa hii, iliamua kwamba harufu ya manukato hailindwi na hakimiliki kama lilindwavyo shairi au wimbo. Katika mwezi uo huo mahakama ya juu ya Uholanzi iliamua kinyume chake. Jambo ambalo mataifa yamelishikilia kwa uthabiti zaidi ni ulinzi wa jina la biashara na alama yake.

Hapa ndipo tunapowaomba maofisa wetu watazame vizuri, maana neno "rahisi" limefunika mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni manukato yanayofuata harufu ya mwingine lakini yamebeba jina lake yenyewe, anwani ya mtengenezaji wake na kipimo chake. Hayo ni mashindano, na mashindano yakiwa ya wazi humfaa mnunuzi. La pili ni chupa iliyoghushiwa, iliyobandikwa jina kubwa isilostahili. Huo ni wizi mara mbili, kwa kuwa huibiwa mwenye jina na huibiwa mwenye fedha. Na hatari yake haiishii mfukoni: hajulikani aliyetengeneza, haijulikani spiriti aliyoitia, na spiriti kama methanoli ni sumu. Hapo ndipo wahenga waliposema kwamba rahisi huvunja upishi. La tatu ni manukato ya kupima, yale mafuta yanayokaa katika chupa kubwa dukani na kuuzwa kwa mililita, kwa bomba la sindano, kuanzia Darajani hadi soko la Tabora.

Kwa haya ya kupima tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo manukato ya mtu wa kawaida. Yana sifa zake. Hayana spiriti, na hivyo wengi huyapenda kwa ajili ya msikitini. Hukaa katika ngozi kwa muda mrefu, na jambo hili si dogo kwa mtu wa Tabora, ambako hewa ya kiangazi ni kavu na ngozi kavu haishiki harufu kama ngozi ya mtu wa pwani. Mnunuzi hununua kiasi cha uwezo wake. Lakini mafuta haya hayana karatasi. Mnunuzi hawezi kujua kama yameongezwa mafuta mengine yasiyo na harufu, wala kama mililita tatu alizolipia ni tatu kweli. Ambaye amesoma chuoni anaijua sura ya Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Katika sura iyo hiyo ndimo ilimotajwa miski, kuwa ni muhuri wa kinywaji cha watu wema. Anayeuza miski kwa kipimo kilichopunguzwa na ayatafakari maneno hayo mawili kukaa mahali pamoja.

Tumekwisha kulinganisha la ghali na la rahisi. Lakini ulinganisho ungekuwa na upungufu mkubwa kama tungeishia hapo, kana kwamba hiari yetu ni kati ya Paris na Dubai peke yake. Vitu vinavyotiwa katika chupa hizo vingine ni vyetu, au ni ndugu wa vyetu. Chanel No. 5, manukato mashuhuri kupita yote tangu mwaka 1921, yana langilangi ndani yake. Hilo ni ua lile lile ambalo akina mama wa Unguja hulifunga katika kikuba pamoja na asmini na mrehani, na ambalo ndugu zetu wa Ngazija na Nzuwani hulikamua mafuta na kuyasafirisha. Karafuu ya Pemba imejaa yujenoli, na tangu karne ya 19 wanakemia wameweza kuigeuza yujenoli kuwa vanilini, ile harufu tamu ya vanila. Mwaka 2007 Tom Ford alitoa manukato ya bei kubwa aliyoyaita Tobacco Vanille, yaani tumbaku na vanila. Mkulima wa Urambo na Sikonge, anayeinusa tumbaku kila siku ikikauka mbele yake, angeshangaa kusikia kwamba harufu hiyo huuzwa kwa bei ya ng'ombe. Na nta ya nyuki, ambayo misitu ya miyombo ya Tabora imeitoa kwa vizazi vingi, huchujwa huko Ulaya ikatoa kiini chenye harufu ya asali ambacho watunzi wa manukato hukithamini sana.

Hapo ndipo linapotujia tena lile somo la njia ya misafara. Nta inashuka, karafuu inashuka, na vichupa vinapanda. Wapagazi wameondoka, gari moshi lilifika Tabora mwaka 1912, na sasa bidhaa huja kwa lori na kwa ndege. Mwelekeo wa faida haujabadilika.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Pemba kipo kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, pale Wawi, chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Paje wapo akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani. Katika nyumba nyingi za Visiwani wapo mabingwa wa kupika udi kwa sukari, marashi na mafuta mazuri, na udi wa Pemba una wateja wake hadi Bara. Tabora kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki, kuna wafugaji wenye ujuzi wa kurithi wa mizinga ya magome na ya magogo, na kuna ushirika wao wa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja mahususi, lisilohitaji mtaji wa mabilioni. Ziko aina za manukato ya kupaka ambazo hazina spiriti wala pampu. Hutengenezwa kwa kuyeyusha nta ya nyuki, kuichanganya na mafuta laini, kisha kutia mafuta ya harufu na kumimina katika kikopo kidogo yagande. Nta huyeyuka inapozidi nyuzi 60 za Selsiasi, hivyo kwa kipimo sahihi cha nta kikopo hicho hakitamwagika katika joto la Tabora wala katika safari ya treni. Nta ya Tabora na mafuta ya Visiwani yakikutana katika kikopo kimoja, tutakuwa na bidhaa ambayo mwenye kima cha chini ataimudu, na mgeni anayeshuka uwanja wa ndege ataitamani. Lakini hapana budi kazi hiyo ifanywe kwa elimu. Mafuta ya karafuu yakizidi huwasha ngozi, na kwa hiyo kipimo si cha kukisia kwa kijiko cha jikoni.

Ili hayo yawezekane, kila mmoja ana wajibu wake. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa usimamizi wa vipodozi upande wa Bara, na taasisi zenye dhamana hiyo Zanzibar, wakubaliane juu ya kiwango kimoja cha manukato ya kupaka na udi wa kupika, ili kikopo kilichopita Chake Chake kisizuiwe Tabora. Wakala wa Vipimo wayakague manukato ya kupima kama wanavyokagua mizani ya nyama. Tume ya Ushindani iendelee kuzikamata chupa zilizoghushiwa, lakini asisumbuliwe mfanyabiashara mdogo anayeuza manukato nafuu yenye jina lake halali. SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 kazi yake ni kuvilea viwanda vidogo, iwakutanishe wafugaji nyuki wa Tabora na wapika udi wa Pemba. Na ofisi za umma zinapotafuta zawadi ya kumpa mgeni, zianze kutazama ndani ya nchi.

Watengenezaji wetu nao wasitegemee huruma. Mtu hawezi kutakiwa anunue kibovu kwa ajili ya uzalendo. Udi uliozidishwa sukari ili uwe mzito katika mizani, unaotoa moshi wa karameli badala ya harufu, ni punjo lile lile tunalolikemea kwa mgeni. Kila kikopo na kiwe na jina la aliyekitengeneza, kilichomo ndani, uzito na tarehe, kwa Kiswahili kinachosomeka. Mwenye kuogopa kuandika jina lake juu ya kazi yake ametoa ushahidi dhidi ya kazi hiyo.

Na wanunuzi, hasa vijana walio katika matayarisho ya harusi, tunawausia hivi. Nusa kwanza, uliza bei baadaye. Yapake katika ngozi, si katika karatasi, kisha zunguka sokoni kwa saa moja na ujinuse tena kabla ya kutoa fedha. Usidanganywe na maandishi ya Kiarabu juu ya sanduku, kwani si kila kilichoandikwa udi kina udi. Mwenye uwezo na akipenda cha ghali anunue, ni mali yake, lakini asimwekee mwenzake sharti la kukopa.

Tabora ina historia ya kuchagua. Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana katika mji huo, mbele yao ikiwa njia moja iliyoonekana ya heshima zaidi, kuususia uchaguzi wa kura tatu, na nyingine iliyoonekana ya unyonge lakini yenye kufikisha. Wakachagua ile yenye kufikisha, na taifa likauita huo Uamuzi wa Busara. Uchaguzi wa kichupa ni mdogo mno mbele ya ule, lakini unafanywa kila siku, na watu maelfu, katika maduka ya pande zote mbili za Muungano. Ukifanywa kwa hesabu na si kwa haya, fedha nyingi zitabaki katika mikono ya mfuga nyuki wa Sikonge na mchuma karafuu wa Wete, ambako ndiko harufu nyingi nzuri zinakoanzia.